Ipsum ACM21 (2AZ-FE): maji yanapungua, oili inapungua, mafundi wanasema nibadilishe injini. Naombeni ushauri kabla ya Desemba

Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu.

Nimenunua gari ya familia, Toyota Ipsum ya mwaka 2004, ACM21, injini 2AZ-FE, namba D. Nimenunua mkononi kwa mtu, dalali katikati, hapa hapa Dar. Nyumbani tuko wengi, watoto, mama mkwe na dada wa kazi, kwa hiyo siti saba kwangu ni lazima. Bodi safi, ndani safi, ac inapiga vizuri, gia zinaingia bila kugonga. Kwa macho tu ni gari nzuri.

Wasiwasi ulianza baada ya wiki chache. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inashuka kwenye kopo la akiba. Naongeza, baada ya muda imeshuka tena, na pale ninapoegesha sioni hata tone. Oili nayo siku nakabidhiwa ilikuwa alama ya juu kabisa kwenye stiki, leo inakaribia ya chini. Asubuhi nikiwasha kuna moshi kidogo, siwezi kusema kwa uhakika ni wa bluu au mweupe, kisha unapotea. Mshale wa joto haujawahi kusogea, uko katikati hata kwenye foleni ya Mbezi jua la saa nane na ac ikiwa imewashwa.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaisikiliza injini, akasema imekwisha nitafute nyingine. Wa pili akasema nitoe thermostati (kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) kwa sababu nchi yetu ni ya joto, halafu nimwage oili iliyopo na kuweka nzito zaidi. Hakuna kati yao aliyepima kitu chochote.

Desemba tunapanda Marangu. Mume wangu ni wa huko na watoto wameshaanza kuulizia safari. Sitaki kukwama usiku kati ya Mombo na Same nikiwa na watoto na mama mkwe. Anayeijua injini hii naomba aniambie nianzie wapi. Hela ya kubadilisha injini kwa kubahatisha sina.

---

Mdau wa Tabata

Pole dada. 2AZ ni injini ya nguvu na inavumilia mengi, ila kuchemka haivumilii kabisa. Mpigie aliyekuuzia umuulize kama iliwahi kuchemsha. Najua hatakujibu ukweli wote, lakini muulize hivyo hivyo.

---

Mdau wa Dodoma

Uza mapema kabla haijakufia mkononi. Ongeza hela kidogo uchukue Noah yenye injini ya 3ZR, utalala usingizi.

---

Mleta uzi

Asante kaka, lakini kuuza kwa sasa hapana. Atakayeinunua atakuwa mtu mwenye familia kama mimi, na mimi bado sijui inaumwa nini. Nitamwambia nini akiniuliza?

---

Fundi wa Ilala

Dada, hongera kwa kukataa kubadilisha injini kwa kusikiliza mlio. Nakaa na hizi injini kila siku, ngoja nikueleze kwa kirefu, na wengine wenye Harrier ACU30, Alphard ANH10, Kluger na Vanguard ya 2.4 wasome pia. Injini ni hiyo hiyo moja.

2AZ-FE ni silinda nne, cc 2362, inatumia cheni na siyo mkanda, kwa hiyo habari ya kubadilisha mkanda wa taimingi kila kilomita laki moja haikuhusu. Bloku yake ni ya alumini, ndani zimo silivu za chuma, mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Tatizo lake linalojulikana dunia nzima ni bolti za hedi, zile zinazobana hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) juu ya bloku. Bolti ni za chuma, zinashika kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya alumini, na kwenye injini za miaka ya mwanzo nyuzi hizo ni fupi. Injini ikichemka, alumini inatanuka kupita kiasi na nyuzi zinang'oka, mara nyingi upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta wa sehemu ya abiria. Bolti inabaki imekaa mahali pake lakini haikazi kitu. Hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, inaanza kuvujisha maji kwa nyuma, sehemu ambayo mtu akifungua boneti haioni. Kuanzia mwaka 2006 hivi Toyota walirefusha hizo nyuzi kutoka milimita 24 hadi 30. Yako ya 2004 imo kwenye kundi la nyuzi fupi.

Sikuambii haya ili kukutisha. Nakuambia ili ujue kwa nini maji ndiyo ya kushughulikia kwanza, oili baadaye. Injini hii ikipungukiwa oili kidogo utaongeza na maisha yataendelea. Ikichemka mara moja tu, sawasawa, unaweza kuanza kuhesabu gharama ambazo hukuzipanga.

Sasa vipimo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, narudia, ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yanatakiwa yawe yamejaa hadi shingoni. Kopo la akiba linaweza kukudanganya, shingo ya rejeta haidanganyi. Chovya kidole uone kama kuna utelezi wa oili au rangi ya chai ya maziwa. Halafu geuza mfuniko wenyewe uangalie mpira wake. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, mfuniko haushiki presha, maji yanatoka kama mvuke na hutaona tone chini. Mfuniko ni spea ndogo sana na watu wanafungua injini nzima bila kuugusa. Kwenye mpya angalia namba iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1, ilingane na ile iliyokuja na gari.

Kipimo cha pili ni presha ya mfumo wa maji. Fundi anafunga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, anajaza upepo hadi kiwango cha mfuniko, anaacha injini ikiwa imezimwa. Sindano ya geji ikishuka, kuna mahali panavuja, na kwa presha hiyo patajionyesha. Mwambie amulike tochi nyuma ya bloku, chini ya makutano ya hedi, na amulike pampu ya maji upande wa mikanda. Pampu za 2AZ huvuja sana. Kuna tundu dogo chini ya shingo yake. Ukiona ukoko wa waridi au mweupe hapo, maji yamekuwa yakidondoka kidogo kidogo juu ya chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika chini.

Cha tatu ni dawa ya bluu. Kuna chupa inawekwa juu ya shingo ya rejeta injini ikiwa inaunguruma, ndani ina maji ya bluu. Gesi ya ekzosi ikiwa inapenya kwenye maji, bluu inageuka njano. Ikibaki bluu, gasketi haipitishi gesi kwa wakati huo.

Cha nne kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana, inapimwa kwa PSI. Betri iwe na chaji ya kutosha, injini iwe imepata moto, plagi zote nne zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini wakati wa kupiga stata. Injini hii ikiwa mpya inatoa PSI 198 hivi. Chini ya 142 kwenye silinda yoyote ni ugonjwa. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Ikiwa moja iko chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, kaangalie valvu au gasketi.

Moshi wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache mara nyingi ni unyevu tu. Wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta baada ya kukaa muda mrefu kwenye foleni huwa ni sili za valvu. Wa bluu unaoendelea njia nzima ni ringi. Mweupe usiokoma wenye harufu tamu, hayo ni maji yanaungua, zima gari.

Kuhusu kutoa thermostati, usikubali. Injini inachelewa kufika kwenye joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili inachafuka mapema. Na ikiwa ulaji wa maji una sababu nyingine, sababu hiyo itaendelea huku wewe ukidhani umeshatibu.

---

Mdau wa Mombasa

Fundi amesema kweli tupu. Mimi niko na Harrier ya 2AZ hapa Mombasa na makanika wangu alinikataza kabisa kutia maji ya kisima kwenye rejeta. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi na alumini hazikai pamoja. Kule kwenu Dar nadhani ni vivyo hivyo. Tia kulanti iliyochanganywa tayari, au uchanganye na maji yaliyosafishwa yale ya betri yasiyo na asidi.

Hilo la mshale pia atilie maanani. Geji za Toyota hizi zimepangwa zikae katikati kwa muda mrefu hata joto likipanda na kushuka. Ukiona mshale umeanza kupanda, basi joto limeshapanda zamani.

---

Fundi wa Ilala

Ahsante ndugu wa Mombasa, hilo la mshale nililisahau na ni kubwa. Dada, mwombe fundi achomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari akusomee joto lenyewe kwa namba. Kuanzia themanini na kitu hadi 95 hivi ni salama. Feni ziwake zenyewe, joto lishuke, zizime. Kaa hapo uangalie mzunguko huo kwa macho yako, tena na ac ikiwa imewashwa.

---

Mdau wa diaspora

Niko Marekani, huku 2AZ-FE ilikuwa kwenye Camry na RAV4 za 2.4. Kwa upande wa oili nichangie kidogo. Camry za 2007 hadi 2009 zilijulikana kwa kula oili, na Toyota wenyewe waliweka mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa gari zilizothibitika. Kigezo chao cha kupima kilikuwa upungufu wa zaidi ya kwati moja kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900 hivi. Walikuwa wanajaza oili, wanafunga kwa alama, mteja anaendesha, anarudi wanapima. Dada anaweza kufanya kipimo hicho hicho nyumbani bila kulipa mtu.

---

Mleta uzi

Kaka wa Marekani, yangu ni ya 2004. Inaingia kwenye hilo kundi?

---

Fundi wa Ilala

Kwa pistoni hizo hapana, hilo lilikuja baadaye. Yako ikila oili kuna sababu za kawaida. Ya kwanza kuangalia ni valvu ya PCV, kidude kidogo kinachovuta hewa chafu kutoka ndani ya injini. Ikitolewa ukaitikisa inatakiwa ilie. Isipolia imeganda, hewa inatafuta njia nyingine na inabeba oili. Ni spea ya bei ndogo.

Na naomba umwage oili yote iliyomo. Gari nyingi zinazouzwa mkononi zinatiwa oili nzito kabla mteja hajaja, ili zisitoe moshi wala mlio. Oili ile inachelewa kufika juu kwenye kemu (shafti zinazofungua valvu) asubuhi, na cheni ndiyo inayoumia. Weka 5W-30 au 10W-30 kutoka duka unaloliamini, kopo likiwa na sili yake, maana oili feki zimejaa mjini. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, pima kila Jumamosi gari ikiwa mahali tambarare na imekaa imezimwa kama dakika tano.

Jambo jingine, linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile iliyo kwenye kadi. Zisipolingana, injini ilishawahi kubadilishwa na hakuna aliyekwenda TRA kurekebisha kadi. Ukikamatwa au ukitaka kuuza utapata usumbufu wewe.

---

Mdau wa Dodoma

Fundi mimi bado nasema injini ya mtumba kutoka Japani ingemaliza haya yote kwa siku mbili.

---

Fundi wa Ilala

Mkuu, nakuheshimu, lakini injini hiyo ya mtumba ni 2AZ ile ile, huenda ni ya mwaka ule ule, yenye nyuzi fupi zile zile, na historia yake hakuna anayeijua. Imelala chini kwenye godauni, huwezi kuiwasha ukaipima joto. Utapewa dhamana ya wiki chache, utalipia kushusha na kupandisha, utabaki na rejeta ile ile mbovu na mfuniko ule ule uliochosha ya kwanza. Nimeona injini ya pili ikifa kwa sababu ile ile iliyoua ya kwanza, na aliyelia ni mwenye gari. Hata nyuzi zikiwa zimeng'oka bado kuna matibabu, hedi inashushwa, matundu yanatobolewa na kutiwa bushi za chuma zenye nyuzi, hedi inapelekwa kusagwa, bolti mpya, gasketi mpya. Ikifanywa na mtu mwenye vifaa vyake, inashika kuliko ilivyotoka kiwandani. Ila hatujafika huko, na hatuendi huko kabla ya vipimo.

---

Mleta uzi

Wakuu nimerudi na majibu. Nilikwenda gereji yenye vifaa vyote alivyotaja fundi, nikakaa pale pale mwanzo hadi mwisho.

Namba ya injini inalingana na kadi.

Kompresheni silinda ya kwanza 182, ya pili 178, ya tatu 180, ya nne 175. Dawa ya bluu ilibaki bluu muda wote, hata baada ya kukanyaga mafuta mara kadhaa.

Presha ya maji ilishuka taratibu. Nyuma ya bloku pakavu. Fundi alipomulika pampu ya maji nikaona mwenyewe ule ukoko, wa waridi, umeshuka kama mstari kutoka kwenye tundu hadi kwenye ngao ya chini, na juu ya ngao kuna vumbi lililogandamana na kulanti iliyokauka. Ndiyo maana chini sikuwa naona tone. Mpira wa mfuniko wa rejeta umepasuka robo nzima ya duara. PCV imeganda, haikulia. Oili iliyotoka ilikuwa nzito, inadondoka polepole kwenye beseni.

Kilichonishtua ni walipofungua nyumba ya thermostati. Ndani hamna kitu. Ilishatolewa zamani, na yule fundi wangu wa pili alitaka nitoe kitu ambacho hakipo.

Tumebadilisha pampu ya maji, mfuniko, PCV, tumeweka thermostati mpya, kulanti mpya na oili 10W-30. Wakati wa kuweka thermostati fundi alihakikisha kile kipini kidogo kinachochezacheza kimekaa juu, akasema ndicho kinachotoa upepo. Kisha wakawasha hita hadi mwisho wakati wa kujaza maji. Joto kwenye mashine lilicheza kati ya 85 na 94, feni zikiwaka na kuzima.

Fundi wa Ilala, Mungu akubariki. Je, kwa majibu haya nimepona?

---

Fundi wa Ilala

Majibu mazuri sana dada, nimefurahi. Injini yenye 175 mpaka 182 haijaisha. Aliyekuambia ununue nyingine alikuwa anakuingiza kwenye hasara.

Lakini sitakuambia umepona moja kwa moja, kwa sababu ya ile thermostati. Mara nyingi haitolewi gari ikiwa nzima. Huenda ilitolewa kwa sababu kuna siku gari ilipandisha joto, na hatujui lilipanda kiasi gani. Bolti zinaweza kuwa salama leo kwenye gereji na zikaonyesha udhaifu zikibeba mzigo mlimani. Kwa hiyo usiifanye safari ya Marangu kuwa ndiyo jaribio lako. Nenda Morogoro na kurudi siku moja na mtu mzima mwenzako, watoto wabaki, ac ikiwa imewashwa. Kesho yake asubuhi fungua rejeta ya baridi. Maji yakiwa shingoni kama ulivyoyaacha, rudia dawa ya bluu. Ikibaki bluu tena, nenda nyumbani kwa wakwe kwa amani. Maji yakiwa yamepungua na pampu ni kavu, usiende, tutashusha hedi.

---

Mdau wa Moshi

Nikazie kwa anayekuja huku. Sehemu ngumu siyo Same, pale ni tambarare na upepo. Gari zinachemka kuanzia Himo kupanda Marangu, watu saba, mizigo juu, gia ndogo, mwendo mdogo, ac imewashwa. Ukifika Himo pumzika kidogo, zima ac, panda taratibu.

---

Fundi wa Ilala

Nakazia. Na ukiona mshale umesogea hata kidogo, zima ac, washa hita hadi mwisho na feni yake kubwa, mtaungua kidogo ndani lakini inavuta joto kwenye injini. Tafuta pa kusimama pa usalama. Mshale usiposhuka haraka, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta barabarani kwa namna yoyote, na usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto, hedi itapinda. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya mfuniko bila kukitoa. Beba kulanti lita tano kwenye buti.

---

Mleta uzi

Nimeandika yote kwenye daftari la gari, pamoja na kilomita za siku tuliyoweka oili. Morogoro naenda na mdogo wangu wa kiume, watoto watabaki na bibi yao. Tiketi za basi za Moshi za Desemba huwa zinaisha mapema, kwa hiyo jibu la dawa ya bluu nalitaka kabla hazijaisha. Ikigeuka njano nakata tiketi za watu wote na gari inabaki kwa fundi. Nitaleta mrejesho hapa hapa.